Istilahi za Vimeng'enya Viuavyo Bakteria

Dawa za antibiotiki zimeokoa maisha ya watu wengi tangu zilipoenea hospitalini katika miaka ya 1940. Hata hivyo, bakteria wengi sasa wamekuwa sugu kwa dawa hizo. Ndiyo maana wataalamu wanaorodhesha vimeng'enya viwezavyo kuua bakteria, ili vitumike badala ya antibiotiki au pamoja nazo. Kazi hiyo yatuhusu nasi, kwa kuwa orodha yenye majina yanayogongana humpotosha anayeitegemea.

Neno kimeng'enya latokana na kitenzi meng'enya. Wasomaji wengi hulihusisha na tumbo na chakula tu, ingawa vimeng'enya vimo katika kila kiumbe hai, na vingine huunganisha badala ya kuvunja. Kwa vimeng'enya tunavyovizungumzia hapa, lakini, maana ya asili yafaa sana: kazi yao ni kuvunja ukuta wa seli ya bakteria. Ukuta ukivunjika, seli hupasuka.

Mifano mitatu yatosha:

(a) Lisozimu. Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, miaka sita kabla ya kugundua penisilini. Imo katika machozi, mate na ute wa yai. Hukata vifungo vya sukari vilivyomo ukutani.

(b) Lisostafini. Ilielezwa mwaka 1964. Hutolewa na aina moja ya stafilokokasi, nayo hukata madaraja ya protini katika kuta za stafilokokasi wengine.

(c) Endolisini. Hutokana na faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Faji wachanga huitumia kuvunja ukuta kutoka ndani ili watoke; wataalamu huitumia kutoka nje.

Tangu mwaka 1961 kumekuwa na utaratibu wa kimataifa wa kuvipa vimeng'enya namba kulingana na kazi yake. Lisozimu ni 3.2.1.17, na lisostafini ni 3.4.24.75. Tarakimu ya kwanza yaonyesha kwamba vyote viwili hukata vifungo kwa msaada wa maji. Ya pili hutenganisha kifungo cha sukari na cha protini. Endolisini haina namba moja, kwa kuwa jina hilo hueleza asili, si kitendo: endolisini moja hukata sukari, nyingine hukata protini. Mfasiri asiyelijua hilo ataandika vitu viwili kama kimoja.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno vijidudu, ambalo hutumiwa kwa bakteria na virusi bila kubagua. Tangazo lisemalo kwamba dawa fulani "huua vijidudu" humfanya mgonjwa wa mafua ameze antibiotiki, ilhali mafua huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haviviwezi. Matumizi ya namna hiyo ndiyo yanayoongeza usugu. Vilevile, si sahihi kuandika kwamba vimeng'enya hivi huua bakteria wote. Escherichia coli, kwa mfano, ana utando wa nje unaoukinga ukuta wake.

Kwa hiyo twapendekeza: bakteria na virusi yatumiwe kila moja mahali pake; kimeng'enya kisiitwe antibiotiki; na majina lisozimu, lisostafini na endolisini yaandikwe kwa tahajia hii moja, pamoja na namba panapohusika. Walimu na wafasiri wenye istilahi bora zaidi tunawaomba watuletee, zijadiliwe.