Gumegume likigeuzwa la fataki: Kukarabati si kuhifadhi

Aghalabu vitenzi ‘kukarabati’ na ‘kuhifadhi’ hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Kwa silaha za kale, tofauti ya vitenzi hivi ndiyo huamua iwapo historia itabaki au itafutika.

Tuanze na majina. Gobori ni bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu: unatia baruti na risasi, kisha unashindilia kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu. Lakini magobori si mamoja. La gumegume huwashwa na cheche za jiwe linalogonga chuma. La fataki huwashwa na kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka kikigongwa. Mbinu hii ya pili ilichipuka baada ya 1807, Alexander Forsyth, kasisi wa Scotland, alipopata hataza ya mtambo wake. Siku hizi ukitaja fataki, kijana atawaza sherehe za mwaka mpya tu.

Fataki ziliposhika kasi, mafundi wengi hawakulitupa gumegume, waliligeuza. Waling’oa kisahani cha baruti, wakaziba matundu ya skrubu, wakaweka chuchu ya kuvalishwa fataki. Miaka mingi baadaye, fundi mwingine anapewa gobori hilo alikarabati. Anang’oa chuchu, anarudisha jiwe, anapiga msasa hadi chuma king’ae kama sufuria mpya. Mwenye mali anafurahi. Ila, jamani, kilichopotea ni nini? Ni ushahidi kwamba silaha hiyo iliishi enzi mbili, pamoja na alama ya mhunzi iliyokwanguliwa na msasa.

Mhifadhi hufuata njia nyingine. Kwanza hupima kina cha mtutu kwa ufito na kukilinganisha na urefu wake wa nje, maana gobori kuukuu huenda bado limejaa. Kisha huzuia kutu isiendelee: mafuta mepesi, nta nyembamba, mahali pakavu. Rangi ya kahawia iliyotulia huiacha. Kila alichogusa hukiandika.

Chuma kilichoopolewa baharini kina ugumu wake. Fikiria mabaki ya Santo Antonio de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama 1697 karibu na Fort Jesus, Mombasa, na kufukuliwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980. Chumvi hupenya ndani ya chuma. Kikikauka kabla ya kutibiwa, hupasuka na kumeguka. Hapo msasa haufui dafu. Chumvi huondolewa polepole, pengine kwa miaka.

Kwa hivyo, kukarabati ni kukifanya kitu kifae tena. Kuhifadhi ni kukizuia kisiharibike zaidi, ushahidi wake ukiwemo. Maneno nayo yanataka uhifadhi uo huo. Kibao cha maonyesho kikiandikwa ‘bunduki ya zamani’ basi, bila gumegume, fataki wala mdeki, mtazamaji ataliona gobori lakini hataweza kulisoma.