Ruzuku Imefika Shambani, Sasa Ifike Bandani

Siku ya Nane Nane mwaka 2022, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP, ambao bei yake ilikuwa imepita shilingi 100,000, ukashuka hadi 70,000. Mkulima alijisajili, akapata namba, akanunua kwa wakala.

Mahindi yakapata nafuu. Maziwa je?

Nyanda za Juu Kusini zimeandaliwa kwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa miongo mingi. Shamba la serikali la Kitulo, Makete, limezalisha mitamba aina ya Friesian katika baridi inayowafaa. Kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kimetafiti mifugo na malisho. Miaka ya 1980 mradi uliofadhiliwa na Uswisi ulieneza ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo wa Iringa na Mbeya. Miradi mingine ikatumia utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: aliyepewa mtamba humkabidhi jirani ndama jike wa kwanza.

Faida ya ufugaji huu inaonekana wilayani Rungwe. Ng'ombe wa asili hutoa lita moja au mbili kwa siku. Chotara aliyelishwa vizuri anaweza kupita lita kumi. Mahindi huleta fedha mara moja kwa mwaka, bali maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni, na samadi hurudi kwenye migomba.

Lakini maziwa hayangoji. Yasipopozwa, huharibika ndani ya saa chache. Mvua ikiharibu barabara ya kijijini, madumu huchelewa kufika kituo cha kukusanyia, na maziwa yaliyochacha hukataliwa. Iringa shida ni kiangazi: majani hukauka, mashudu na pumba hupanda bei, na viwanda vya kusindika kama ASAS huhitaji maziwa mwaka mzima.

Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya 2004 iliunda Bodi ya Maziwa, na Sera ya Taifa ya Mifugo ya 2006 inatambua wafugaji wadogo. Kilichobaki ni fedha kuwafikia. Usajili ule uliofikisha mbolea unaweza kufikisha mtamba bora, huduma ya uhimilishaji na tangi la kupozea kwa kila ushirika. Wabunge wa Mbeya na Iringa waibebe hoja hii kwenye bajeti ijayo, na wafugaji wajiunge katika vyama vyao ili wawe na sauti moja ya kuidai.