Kikohozi cha Wiki Mbili, Mashine ya Saa Mbili



Huku kwetu Mwadui, na kwa ndugu zetu wa Kahama na Geita, kikohozi kimezoeleka kama vumbi lenyewe. Baba akikohoa, twasema ni vumbi la machimbo. Mtoto akikohoa, ni mafua. Bibi akikohoa, ni uzee. Mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo.

Miaka ya nyuma alinijia baba mmoja, mchimbaji mdogo, aliyerudi nyumbani kutoka kwenye rashi ya dhahabu upande wa Geita. Alikuwa amekonda, na usiku alitoka jasho hata shuka linalowa. Makohozi yake yakapimwa kwa darubini: hakuna kitu. Yakapimwa mara ya pili: hakuna kitu. Nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba hana kifua kikuu, nikampa dawa ya kikohozi na vidonge vya kuua vijidudu vya kawaida, akaenda zake. Baada ya miezi minne aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, anakohoa damu, na mwanawe wa miaka mitatu alikuwa ameshaambukizwa. Darubini ndiyo haikuona, lakini maneno ya kumrudisha nyumbani yalitoka kinywani mwangu.

Kwa nini darubini haikuona? Kijidudu cha kifua kikuu kiligunduliwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka mia moja hospitali zetu ziliendelea kukitafuta kwa njia ile ile: kupaka makohozi kwenye kioo, kuyatia rangi, kisha kuchungulia. Ili mpimaji akione, yapasa mililita moja ya makohozi iwe na vijidudu kati ya 5,000 na 10,000. Wakiwa wachache kuliko hapo, jicho hupita tu. Mgonjwa ambaye ugonjwa ndio unaanza, mtoto mdogo, na mwenye virusi vya ukimwi mara nyingi huwa na vijidudu wachache katika makohozi. Ilikuwapo njia ya kuwaotesha vijidudu maabara, nayo ni nzuri, ila majibu huchukua wiki kadhaa.

Mwezi Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine mpya, nayo sasa imeenea katika hospitali nyingi za nchi yetu. Jina lake ni GeneXpert. Kwa kuwa neno la kwanza hutamkwa kama "jini", mzee mmoja aliniuliza, "Sista, siku hizi hospitali ya kanisa inapima majini?" Tulicheka sana, lakini swali lake lilistahili jibu.

Kila kiumbe kina maandishi yake ya urithi ndani ya mwili, yaitwayo vinasaba. Vya kijidudu cha kifua kikuu havifanani na vya kijidudu kingine. Mpimaji huchanganya makohozi na maji ya dawa yanayoyalainisha na kuwaua vijidudu, husubiri kama dakika 15, kisha humimina ndani ya kikasha cha plastiki kiitwacho katriji na kukitia mashineni. Humo ndani mashine hupasha joto na kupoza, tena na tena. Kila mara kipande cha maandishi kinachotafutwa hunakiliwa: kimoja huwa viwili, viwili vinne, vinne vinane. Fanyeni hesabu wenyewe: baada ya kurudia mara 30, kile kimoja kimepita 1,000,000,000. Mchimbaji wa Maganzo huchekecha mchanga siku nzima akitafuta punje moja ya almasi. Angekuwa na chombo cha kuizidisha punje hiyo mpaka ijaze ndoo, hata kipofu angeigusa. Ndivyo mashine hii ifanyavyo kwa kijidudu. Ilipoanza, iliweza kutambua vijidudu kama 130 katika mililita moja, na katriji mpya zaidi, iliyopendekezwa mwaka 2017, hutosheka na chini ya 20. Majibu hutoka ndani ya saa mbili.

Jambo la pili ni kubwa vile vile. Mashine husoma pia kama kijidudu kimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu yetu. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alimeza vidonge kwa miezi bila nafuu, huku akiwaambukiza jamaa zake usugu ule ule. Sasa hujulikana mapema, naye huanzishiwa dawa nyingine. Hospitali ya Kibong'oto huko Kilimanjaro ndiyo iliyoanza kazi hiyo hapa nchini, mwaka 2009.

Mashine ina mipaka. Inataka umeme na katriji. Huona vinasaba hata vya vijidudu waliokwisha kufa, hivyo haifai kupimia maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dawa. Hapo twarudi kwa darubini yetu ya zamani. Na jibu la "hakuna" si hukumu ya mwisho. Kama bado unakonda na kukohoa, rudi, usione haya. Kwa wachimbaji nasisitiza hasa: vumbi la mawe ya kwenye duara na karasha lina silika inayokwaruza mapafu na kuyafanya yashikwe upesi na kifua kikuu. Wapo wenye ugonjwa wa vumbi peke yake, wapo wenye vyote viwili, na kwa kusikiliza kikohozi tu hakuna awezaye kuwatenganisha.

Basi, kikohozi kikifika wiki mbili, njooni. Mwenye virusi vya ukimwi asingoje wiki mbili. Kipimo na dawa hutolewa bure. Leteni makohozi, si mate: asubuhi sukutua kinywa kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka kifuani, ukiwa nje penye hewa. Chupa nyingi ninazopokea zina mate matupu. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi huweza kupimwa choo chake, kwa sababu makohozi huyameza.

Dawa ni za miezi sita kwa wagonjwa wengi. Mkisikia rashi mpya imetokea mahali, msiondoke kimya kimya. Ombeni barua ya uhamisho, mtapokelewa kituo chochote.

Yule baba alimaliza dawa zake. Mwanawe pia alipona. Mapafu ya baba hayakurudi kama zamani, na kazi ya duara hakuiweza tena. Siku hizi analima mpunga.