Uzito wa Bastola Kiunoni: Maumivu ya Mbebaji na Usalama wa Nyumba Yake

Mgonjwa anayelalamika kwamba upande wa nje wa paja lake unawaka moto huulizwa mambo mengi: kama ana kisukari, kama aliwahi kuanguka, kama kazi yake ni ya kuinua mizigo. Ni nadra kuulizwa amevaa nini kiunoni. Swali hilo fupi lingeweza kumwepusha na vipimo vya gharama na miezi ya kumeza dawa zisizomfaa.

Nchini Marekani swali hilo lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2013 majimbo yote 50 ya nchi hiyo yana sheria zinazowawezesha raia kubeba bastola iliyofichwa ndani ya nguo, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa haki ya kubeba bastola kwa kujilinda haiishii mlangoni mwa nyumba. Hivyo wapo watu wengi wanaovaa silaha asubuhi kama wavaavyo saa, wakaendesha nayo gari, wakaketi nayo kazini na kuivua jioni. Katika Afrika Mashariki raia hapewi silaha ila kwa leseni. Hata hivyo askari polisi na walinzi hukaa saa nyingi wakiwa na mkanda uliobeba bastola, pingu, kirungu na redio. Sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, lakini nyonga ya binadamu ni ile ile.

Uzito wenyewe ni kiasi gani?

Glock 19, bastola ya ukubwa wa kati inayotumika sana, ina uzito wa takribani gramu 600 ikiwa tupu. Ikijazwa risasi 15 hukaribia gramu 850. Bastola ya zamani ya chuma, Colt M1911, huwa na takribani kilo 1.1 kabla ya kujazwa risasi. Kwa upande mwingine, zimo bastola ndogo za mfukoni zisizofikia gramu 300 zikiwa tupu.

Kwa mtu mwenye kilo 70, gramu 850 ni zaidi kidogo tu ya asilimia 1 ya uzito wake. Mama anayembeba mtoto mgongoni hubeba mara kumi ya hapo na akatembea mwendo mrefu. Basi kwa nini kipande cha chuma chepesi kuliko pakiti ya kilo moja ya sukari kimletee mtu mzima maumivu?

Jibu linapatikana katika mbeleko yenyewe. Khanga pana husambaza uzito wa mtoto juu ya mgongo, mabega na kiuno. Mtoto huyo huyo akifungwa kwa kamba nyembamba, mama asingevumilia hata robo saa. Kinachoumiza tishu za mwili ni mgandamizo, yaani nguvu iliyokusanywa mahali padogo, kuliko uzito peke yake. Bastola ni kitu kigumu chenye kingo, nayo hukaa juu ya mfupa wa nyonga ambako ngozi na mafuta ni haba. Hukaa upande mmoja wa mwili, na hukaa hapo kwa saa kumi au kumi na mbili.

Lipo jambo la pili lisilofikiriwa na wengi. Risasi huwekwa ndani ya kishikio, nacho hubaki juu ya mkanda. Bastola yenye mtutu mfupi na kishikio kilichojaa risasi huwa nzito juu kuliko chini, kwa hiyo huinama na kutoka nje ya mwili. Mvaaji hukaza mkanda ili kuizuia. Kwa namna hiyo bastola ndogo na nyepesi inaweza kumwumiza mtu kuliko iliyo nzito kidogo, kwa sababu kinachomkandamiza sasa ni mkanda.

Neva inayobanwa

Kutoka kwenye pingili ya pili na ya tatu ya kiuno huanza neva inayopeleka hisia kwenye ngozi ya upande wa nje wa paja. Neva hiyo hupita chini ya ligamenti ya kinena, karibu kabisa na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, mahali ambapo mkanda hukaza na ambapo watu wengi hupenda kuweka bastola. Ikibanwa hapo, mtu huhisi ganzi, kuchomachoma, au moto juu ya ngozi ya paja. Wengine hawavumilii hata kuguswa na kitambaa cha suruali. Hali hiyo huitwa meraljia parestetika. Ilielezwa na madaktari Martin Bernhardt na Vladimir Roth mwaka 1895, na Sigmund Freud, aliyekuwa daktari wa neva, aliandika mwaka huo huo kuhusu dalili hizo alizozipata mwilini mwake.

Wanaopatwa zaidi ni watu wanene, wenye kisukari, wajawazito, na wale wanaovaa nguo au mikanda inayobana. Askari na mafundi wanaoning'iniza zana kiunoni wamo. Utafiti uliofanywa katika vituo vya afya vya Uholanzi ulikadiria wagonjwa wapya takribani 4 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo si ugonjwa wa ajabu.

Alama kuu ya kuutambua ni hii: neva hiyo ni ya hisia tu, haiendeshi msuli wowote. Mgonjwa ana ganzi na maumivu, lakini goti lake lina nguvu na mguu hurukia kama kawaida daktari anapogonga chini ya goti kwa nyundo ndogo. Pakiwepo udhaifu wa mguu, kupotea kwa mruko huo, homa, kupungua uzito, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au maumivu yanayomwamsha mtu usiku, mkanda usilaumiwe. Hapo ni lazima kutafuta tatizo la uti wa mgongo, ikiwemo kifua kikuu cha mifupa, saratani, au jipu.

Mgongo na kiti cha gari

Malalamiko mengine ni ya mgongo wa chini. Bastola iliyowekwa nyuma ya nyonga humsukuma mvaaji mbali na egemeo la kiti. Ili asiumie, huketi kwa kupinda upande mmoja, na misuli ya upande wa pili hufanya kazi bila kupumzika. Kuiweka katikati ya mgongo kuna hatari ya ziada: akianguka chali, chuma hicho huwa kati ya ardhi na pingili zake. Kuiweka mbele, karibu na kinena, humsumbua mwenye kitambi anapoketi, na mtutu huelekea mahali penye mishipa mikubwa ya damu ya paja.

Uchunguzi mkubwa miongoni mwa polisi wa Sweden, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa maumivu ya sehemu kadhaa za mwili yaliambatana na adha ya kuvaa vifaa vya lazima vya kazi.

Je, kupunguza uzito ndiyo tiba?

Si moja kwa moja. Bastola mbili zikifyatua risasi ya aina moja, iliyo nyepesi hurudi nyuma kwa nguvu zaidi; uzito ukipungua kwa nusu, nishati ya msukumo huo huongezeka takribani mara mbili. Mwenye ugonjwa wa viungo vya vidole au neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono huumia kila anapofanya mazoezi, kisha huacha mazoezi. Hubaki na silaha anayoibeba kila siku bila umahiri wa kuitumia.

Hatari inapohamia kwa wengine

Maumivu ya mbebaji hayaishii kwake. Aliyechoka kubanwa huvua bastola na kuiweka penye wepesi: katika kisanduku cha gari, chini ya mto, juu ya kabati, ndani ya mkoba. Adha ya mtu mmoja hugeuka hatari ya familia. Desemba 2014, katika jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili alifikia bastola iliyokuwa ndani ya mkoba wa mama yake, ikafyatuka, na mama akafariki. Hii ndiyo sababu tabibu asilichukulie lalamiko la "bastola inanisumbua kiunoni" kuwa jambo dogo. Ndani yake lipo swali jingine: inapokusumbua, unaiweka wapi?

Ushauri kwa mgonjwa na mhudumu

Kwa mgonjwa, hatua ya kwanza ni kuondoa mgandamizo. Mkanda mpana na imara, usiokazwa kupita kiasi, husambaza uzito. Ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, yenye upande laini unaogusa mwili, ni ya lazima. Kubeba bastola mfukoni au kuichomeka kwenye suruali bila ala ni hatari. Kupunguza unene husaidia neva na mgongo pia. Anayeketi muda mrefu ainuke na kutembea mara kwa mara. Kwa askari na walinzi, waajiri wanaweza kuhamishia redio na vifaa vingine kwenye fulana ya kubebea, ili nyonga isibebe vyote.

Wagonjwa wengi wa meraljia parestetika hupona kwa hatua hizi, ingawa huchukua wiki au miezi. Wasiopona hupewa dawa za maumivu ya neva kama amitriptilini au gabapentini, au sindano ya ganzi na steroidi karibu na neva. Upasuaji ni wa wachache.

Kwa mhudumu wa afya, swali liulizwe kwa heshima na pasipo kuhukumu: "Unapokuwa kazini au safarini, unabeba kitu gani kiunoni?" Akitaja silaha, aulizwe mahali inapolala. Silaha isiyo mwilini ifungiwe ikiwa tupu, na risasi zifungiwe mahali pengine. Mgonjwa mwenye maumivu ya muda mrefu, asiyelala na aliyekata tamaa, aulizwe pia kama amewaza kujidhuru. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojiua, na kuihifadhi silaha mbali na mtu kama huyo kwa muda, kwa ridhaa yake na kwa kufuata sheria, huokoa maisha. Mhudumu aliyemaliza kuchunguza paja na mgongo bila kugusia suala la uhifadhi amemtibu mgonjwa nusu tu.