Kuposea, Kujionyesha, Kujuana: Uchumba katika Zama za Mitandao ya Kijamii

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi desturi ya kujionyesha katika mitandao ya kijamii inavyougeuza uchumba wa vijana wa miji yetu, hasa Lubumbashi. Njia inayofuatwa ni ya kiisimu: kutoka umbo la vitenzi hadi mwenendo wa watu.

Hapo awali kitenzi kilichotawala kilikuwa kuposea. Kauli ya kutendea huonyesha tendo lifanywalo kwa ajili ya mwingine, na kijana hakujisemea bali aliposewa. Mshenga, ambaye Wabemba wa pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia humwita shibukombe, alipeleka habari za kijana na kurudi na habari za binti na ukoo wake. Naye alijua kupamba maneno. Lakini alikuwa na jina na nyumba iliyojulikana. Akisema uongo, lawama zilimrudia. Kila sifa ilikuwa na mdhamini wake.

Facebook, iliyoanzishwa mwaka 2004, na WhatsApp, iliyofuata mwaka 2009, zimekiweka mbele kiambishi kirejeshi -ji-, ambacho humfanya mtenda awe pia mtendwa: kujionyesha, kujisifu, kujifanya. Mchumba amekuwa mshenga wake mwenyewe, na sifa zimebaki bila mdhamini.

Ni kweli kwamba kujionyesha hakukuletwa na simu. Mwanasosiolojia Erving Goffman, katika kitabu chake kilichoenea tangu mwaka 1959, aliyafananisha maisha ya kila siku na jukwaa la maigizo. Hata wazee wetu walivaa nguo zao bora kabla ya kuingia studio ya picha. Jambo jipya lilielezwa na Joseph Walther mwaka 1996: katika mawasiliano ya kompyuta, mtumaji huchagua mazuri tu, naye mpokeaji hujaza mapengo kwa matumaini yake. Hivyo picha hujengwa na watu wawili, na anayedanganywa huchangia.

Mwaka 2008 Toma, Hancock na Ellison walichapisha utafiti juu ya watu 80 wa New York waliotafuta wapenzi katika intaneti. Walipopimwa urefu na uzito na umri wao kuhakikiwa katika leseni ya udereva, 81 kwa mia walionekana wamepotosha angalau jambo moja. Lakini tofauti nyingi zilikuwa ndogo, kwa kuwa walitazamia kukutana. Tumaini la kuonana ana kwa ana huuzuia uongo. Kutokana na hayo, hatari huzidi pale makutano yanapocheleweshwa: mmoja yuko Lubumbashi, mwingine Kinshasa au Brussels, na nauli ya ndege haipatikani. Miezi hupita, na hakuna linaloisahihisha picha.

Hata baada ya kukutana, -ji- haiondoki. Tangu mwaka 2017 WhatsApp huruhusu kuweka picha inayotoweka baada ya saa 24. Mpenzi huitazama pamoja na wengine wengi, kisha huuliza: «Mbona yangu hukuiweka?» Kunyamaza, ambako zamani kulikuwa heshima, sasa huhesabiwa kuwa kukana.

Hata hivyo familia haijaondoka. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, bado inadai mahari, na mahari huwakutanisha watu wa pande mbili. Siku hiyo shangazi huuliza yale ambayo picha haikuyasema: kazi, deni, mtoto wa kwanza. Wahenga walisema: vyaelea, vimeundwa. Aonaye picha ikielea na aulize ilivyoundwa, na aulize mapema.

Vitenzi vya mapenzi yenyewe huchukua kauli ya kutendana: kujuana, kupendana, kuoana. Mtu aweza kusema «nimejionyesha» na sentensi ikakamilika. Akisema «nimeoana», msikilizaji bado hungoja kusikia: na nani?