Blauzi ya mtoko kwa kitambaa cha kuvutika

Msimu wa harusi na kipaimara unapokaribia, mafundi wa Handeni na Korogwe huletewa kitambaa ambacho wengi wetu tunakiogopa. Ni kile cha kuvutika, laini kama fulana, na mteja anataka blauzi ya kupishana kifuani yenye mikanda ya kufunga ubavuni. Fundi aliyezoea vitenge na sare za shule ama anakataa, na mteja anakwenda zake kuchagua mitumba, ama anakubali kisha anaharibu.

Mimi niliwahi kuharibu. Mwenye blauzi aliinua mikono kumshangilia bibi harusi, mshono ukakatika kuanzia kwapani hadi kiunoni. Nililipa kitambaa cha watu kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kununulia hisa za kikundi.

Cherehani haikuwa na kosa. Kitenge na khanga hufumwa kwa nyuzi zinazopishana, za urefu na za upana, kwa hiyo havivutiki sana. Kitambaa cha kuvutika hufumwa kwa vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi, kama sweta. Ukikivuta vitanzi hufunguka, ukikiachia hurudi. Mshono ulionyooka haufunguki. Kitambaa kinakwenda, uzi unabaki, na mwisho uzi unakatika.

Wazungu hukiita jezi, kwa jina la kisiwa cha Jersey kilichosifika kwa sweta za kufuma. Sisi jina hilo tukawapa wachezaji mpira. Gauni la jezi la kupishana lilipata umaarufu mkubwa mwaka 1974 kupitia mbunifu Diane von Furstenberg huko Marekani. Halina zipu, na mvaaji hulikaza au kulilegeza mwenyewe. Kwa mama aliyejifungua juzi hilo si jambo dogo, maana nguo iliyomtosha leo itamtosha na mwakani.

Sasa tuje kwenye kazi. Mtu mzima wa wastani anahitaji mita moja na nusu ya kitambaa chenye upana wa inchi 60. Shika inchi 4 za upana, vuta. Zikifika 5 na kurudi bila kulegea, kitambaa kinafaa. Kwa joto la Korogwe ningechagua chenye pamba nyingi kuliko poliesta tupu. Kioshe na kukianika kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi. Wakati wa kukata usikiache kining'inie ukingoni mwa meza, kitavutika na vipimo vitakudanganya.

Kata mgongo mmoja, mikono miwili, na vipande viwili vya mbele. Kila kipande cha mbele huvuka kifua hadi mshono wa ubavu wa pili. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Vipande vya mbele vikatwe kwa pamoja, kitambaa kikiwa kimekunjwa, ama sivyo utajikuta una kushoto mbili. Usicheke, hutokea hata kwa mafundi wazoefu. Usiye na vipimo tafuta blauzi ya mtumba ya mtindo huo inayomkaa mteja vizuri, ifumue, uichore kwenye karatasi.

Sindano iwe ya ncha ya mviringo, namba 11 au 14. Sindano kali hutoboa kitanzi, na tundu hukua kila nguo inapofuliwa. Uzi uwe wa poliesta. Mwenye cherehani ya zigizaga atumie zigizaga nyembamba. Wengi wetu tuna cherehani ya miguu inayoshona moja kwa moja tu, nayo inatosha. Legeza kidogo skrubu iliyo juu ya nguzo ya mguu unaokandamiza kitambaa. Fupisha hatua ya mshono. Unaposhona, shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano, ukivute kidogo tu, kisha pitisha mshono wa pili kando ya wa kwanza. Ule mvuto mdogo wa mkono huacha uzi wa ziada ndani ya mshono, na huo ndio utakaomwokoa mteja akiinua mikono. Jaribu kwanza kwenye fulana chakavu. Mabega yasivutwe kabisa. Yashone pamoja na utepe mwembamba wa pamba, hata pindo la khanga kuukuu, yasije yakashuka.

Shingo ndiyo inayoaibisha watu. Ukingo wa mbele umekatwa mshazari, hulegea na kuachama mvaaji akiinama. Mkanda wa kuumalizia uwe mfupi kuliko ukingo wenyewe kwa inchi moja hadi moja na nusu kila upande, na mvuto mkubwa uwe kifuani. Weka na kifungo kidogo cha kubana kwa ndani. Wanaokwenda kanisani na wanaokwenda kwenye maulidi wote watakushukuru.

Kipande cha kulia kikikaa juu, acha tundu la inchi moja na nusu kwenye mshono wa ubavu wa kulia, usawa wa kiuno. Mkanda wa kipande cha chini hutokea hapo, huzunguka mgongoni na kufungwa ubavu wa kushoto. Huo uwe na urefu wa nusu ya kiuno na inchi 16 za kufungia. Mwingine inchi 16 zinatosha.

Itundike usiku mzima kabla ya kupinda chini. Pindo lipindwe mara moja tu, kwani kitambaa hiki hakichanuki nyuzi kama kitenge.

Mteja akija, mvalishe hapo hapo. Ainue mikono yote miwili, aketi, ainame kama anayeokota kitu. Uzi ukikatika, ukatike mbele yako, siku mbili kabla ya harusi. Mwambie pia asiianike kwa kuitundika ikiwa imelowa, bali ailaze kivulini juu ya mkeka.