Mpira wa Pamoja na Afya ya Mtoto

  Leo tunazungumza juu ya mpira. Labda unajiuliza, muuguzi na mpira wapi na wapi? Ngoja nikueleze.

Watu wa Njoro wanajua kukimbia usiku. Walikimbia Januari 1998, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 familia nyingi zilijikuta kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Mwaka 2023 ghasia zilizuka tena pande za Mauche na Ndeffo, hadi Serikali ikatangaza kafyu.

Mtoto aliyepitia hayo hubeba hofu mwilini. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Mwingine huumwa na tumbo kila asubuhi, na dawa ya minyoo haimsaidii. Mwingine hupigana ovyo. Tafadhali mama, usimchape. Kinachomsaidia ni ratiba ya kawaida ya kila siku, mtu mzima anayemwamini, na kucheza na wenzake. Tena Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Mpira peke yake haupatanishi watu. Ukichukua timu ya Wakikuyu watupu ukaipambanisha na timu ya Wakalenjin watupu, umeandaa vita vyenye refarii. Changanyeni watoto kwanza. Wapangeni mstari, wahesabu moja, mbili, moja, mbili. Wa moja timu hii, wa mbili timu ile. Mtoto atajifunza jina la mwenzake upesi kwa sababu anataka apewe pasi. Na mazoezi yawe ya kila wiki, si siku moja ya kombe na hotuba za wanasiasa.

Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA kilianzishwa mwaka 1987. Timu zake hupata pointi kwa kushinda mechi na pia kwa kusafisha mtaa. Mathare United, timu iliyotoka humo, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, mwaka ule ule ulioanza kwa moto.

Wasichana nao wacheze, mpira wa miguu au voliboli. Akikosa sodo atabaki nyumbani, kwa hiyo muulize mapema.

Sehemu yako kubwa mama iko jikoni. Mtoto anasikia unayosema juu ya jirani huku ukimenya viazi. Ukimwambia "usicheze na wale", kocha hataweza kulirekebisha neno hilo.

Akichubuka, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, uulize kituo cha afya kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Akigongwa kichwani atoke uwanjani, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia kupita kiasi, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje asubuhi.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya surua. Beba kitabu cha kliniki cha mtoto, tutakifungua pamoja.